Shokapu za Mbele

Fundi Jairo alizipanga shokapu nne juu ya gunia safi mbele ya gereji yake, pale mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, kisha akajifuta mikono na kusimama kando ili wateja wazitazame. Zilikuwa za mtumba kutoka Japani, rangi ya bluu, zimekwaruzika kidogo tu. Kila moja ilikuwa na nyuzi kwa nje mithili ya bolti nene, na ringi ya kuzungusha. Ukiizungusha huku gari linapanda, ukiizungusha kule linashuka. Juu kabisa palikuwa na kinobu cha kulegeza au kukaza, ili abiria abembelezwe au atikiswe, kadiri ya matakwa ya mwenye gari.

"Mama Gift, hizi si shokapu, hizi ni raha," alisema Jairo. "Ukizifunga, unabeba trei la mayai mpaka Ikuti na kurudi, na hakuna hata moja litakalopata ufa."

"Mimi sibebi mayai," alijibu Pudensiana. "Nambeba mzee."

Pudensiana alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Sumbawanga, aliyeletwa Tukuyu kikazi akiwa msichana na akaolewa hapohapo na Reuben, mwalimu wa hisabati. Carina ile kuukuu ilikuwa yao wote wawili kwenye mazungumzo, lakini ufunguo ulikaa kwenye mkoba wa mke. Reuben alijaribu kuendesha siku moja tu. Aliliingiza gari kwenye shamba la chai la watu, akatoka humo na majani kwenye waipa, na tangu siku hiyo alijiuzulu mwenyewe bila kuombwa na mtu.

Fedha zao zilitosha jozi moja, ama ya mbele ama ya nyuma. Ubishi ukaanzia hapo.

"Nyuma," alisema Reuben. "Baba anakaa nyuma. Sasa tulainishe mbele ili iweje?"

"Mwalimu, mbele ndiko kwenye injini," alisema Jairo. "Chini ya injini kuna sampo, lile bakuli la oili. Gari lenu limeshuka pua. Mkigonga jiwe njia ya Ikuti, oili yote inamwagika, na mzee atakuwa amestarehe nyuma kwenye gari lisilotembea."

"Na spesa? Nimeona watu mtandaoni wanaweka raba za kuinua, bei nafuu."

"Raba zitainua, ila hazilainishi. Mtavuka mawe vizuri, lakini kila jiwe mtalijua kwa jina."

"Na springi za Noah? Jirani yangu kafunga."

"Jirani yako anabeba viazi kutoka Isongole. Springi ngumu zinataka mzigo. Gunia kumi zitatulia tuli. Mzee mmoja zitamrusha mpaka kwenye dari." Jairo alimgeukia Pudensiana, maana alishajua mwenye neno la mwisho ni nani. "Mama Gift, chukua za mbele. Utapandisha pua ya gari kwa ringi, utalegeza kwa kinobu. Nyuma mtafunga siku Mungu akijalia."

Pudensiana aliinama, akaishika moja na kuikandamiza kwa kiganja. Alitaka sana za nyuma, kwa ajili ya mgongo wa mzee. Lakini alikumbuka safari ya Pasaka.

"Za mbele," alisema. "Huko nyuma tutamwekea godoro."

*

Safari ya Pasaka ilikuwa aibu tupu. Mzee Andongwisye, baba yake Reuben, alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa migomba yake kule Ikuti na kuumia nyonga. Mvua zilipopungua walimfuata ili aje hospitali kupimwa. Nusu ya njia Carina ilikita pua kwenye jiwe, ikaruka, na mzee akapiga yowe. Ni yowe la mtu mzima aliyeumia kweli, si kosa kabisa. Kosa ni kwamba alipiga yowe hilo mbele ya mkamwana wake. Oili ikamwagika, vijana wa bodaboda wakaja kusukuma gari huku wakicheka, na mzee akarudishwa nyumbani amebebwa kwenye kiti. Alipowekwa barazani alisema neno moja: hapandi tena hilo gari. Nyonga ilipimwa baadaye na mganga wa zahanati aliyemfuata nyumbani, ikaonekana haikuvunjika, lakini neno la mzee lilibaki palepale.

Wanyakyusa wa zamani wana adabu yao kati ya mwanamke na baba mkwe, wenyewe huiita ukutila. Mkamwana hamtazami mkwewe usoni, halitaji jina lake, hakai naye karibu, wakikutana njiani mmoja anachepuka. Siku hizi mabinti wengi wa Rungwe wameilegeza. Utawaona sokoni wakipeana mikono na wakwe zao na kuulizana bei ya ndizi. Lakini Pudensiana hakuwa binti wa Rungwe. Siku ya kwanza kufika Ikuti, shangazi Sekela, dada yake mzee, alimkalisha jikoni na kumfundisha yote. Pudensiana akayashika yote, maana aliogopa watu waseme Reuben kaoa mgeni asiye na adabu. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuuona uso wa mkwewe sawasawa. Aliijua kofia yake, alikijua kikohozi chake, na aliyajua mabuti yake.

Ndani ya gari mambo yalikuwa magumu zaidi. Mzee alikaa nyuma, na Pudensiana aligeuza kioo cha ndani kitazame dari, asije akamwona kwa bahati mbaya. Siku hiyo ya Pasaka, kabla ya kulifikia lile jiwe, askari wa barabarani aliwasimamisha na kuuliza dereva anaonaje nyuma. Reuben alijaribu kueleza mila. Askari, kijana wa Kanda ya Ziwa, alisikiliza mpaka mwisho, akaomba leseni, akaitazama, akairudisha, akasema, "Mama, nenda tu," kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa. Pudensiana hakuisahau sauti hiyo.

Sasa Jumapili ilikuwa kipaimara cha Gift, binti yao wa pekee. Aliyemfundisha masomo hakuwa mwinjilisti peke yake. Kila jioni mzee alimpigia simu mjukuu wake na kumwulizia amri kumi na maelezo yake, akikosea anarudishwa mwanzo. Gift alizijua zote kwa sauti ya babu yake. Alikuwa amesema waziwazi, bila kununa na bila machozi: "Babu asipokuwepo, mimi sisimami mbele." Walimpigia mzee simu wakamwambia hivyo.

"Leubeni," alisema mzee, akilitamka jina la mwanawe Kinyakyusa. "Hilo gari limetengenezwa?"

"Limetengenezwa, baba."

"Haya. Njooni Jumamosi."

*

Jumamosi asubuhi Carina iliondoka Tukuyu imeinua pua kama mbuzi aliyesikia majani. Jairo alikuwa ameipandisha ringi na kukiacha kinobu katikati. Pudensiana aliposhika njia ya vumbi aliyasubiri mawe kwa meno yaliyokazwa, na mawe yakaja, na gari likayapita. Lilishuka, likapanda, likatulia. Akacheka peke yake. Akalitafuta shimo lingine makusudi.

"Reuben, umeona? Umesikia kitu?"

Reuben alikuwa amekaa nyuma juu ya godoro la Gift, kwa ajili ya kumjaribia baba yake. Alisikia kila kitu. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa zamani, na sasa mbele palipopanda, uzito wote ulimwangukia yeye. Kwenye daraja la mbao alirushwa mpaka kichwa kikagonga dari. Godoro lilimsaidia tu kurushwa juu zaidi.

"Si mbaya," alisema, akijipapasa utosi. Hakutaka kumharibia mkewe furaha, na pengine, alijidanganya, baba ni mzito kuliko yeye.

Ikuti mzee alikuwa tayari tangu alfajiri, amevaa koti la suti, amekalia kigoda barazani. Pudensiana alisimamisha gari mbali kidogo, akashuka, akapiga magoti na kuinamisha kichwa upande wa migomba. Mzee naye akageuka upande wa banda la ng'ombe. Shangazi Sekela aliyasimamia mambo yote. Alimwingiza kaka yake nyuma, akampangia mto, kisha akatoa kitenge kipana na kukifunga katikati ya gari, kati ya viti vya mbele na vya nyuma.

"Hivyo ndivyo," alisema kwa kuridhika. "Heshima ni heshima hata kwenye gari."

"Ndaga fijo," mzee alishukuru kutoka nyuma ya pazia, bila raha yoyote.

Reuben alikaa mbele, kushoto kwa mkewe. Walifika kwenye jiwe la kwanza. Mbele gari lilipita kwa upole. Nyuma pakagonga, na mzee akavuta pumzi. Jiwe la pili akaguna. La tatu likamtoa yowe lilelile la Pasaka, lililokatwa nusu kwa kujizuia.

Pudensiana akafunga breki. Walikuwa kando ya mashamba ya chai, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Hapakuwa na mtu mwingine njiani.

"Muulize baba anaumia?" alimwambia mumewe.

"Baba, unaumia?" aliuliza Reuben.

"Mwambie dereva siumii," alisema mzee. Akajiweka sawa kwenye mto. "Mwambie dereva anirudishe nyumbani."

"Baba anasema—"

"Nimesikia," alisema Pudensiana, na machozi yakamjaa. Akilini alimwona Gift amevaa gauni jeupe, amekaa benchi la nyuma, amekataa kusimama. Alijilaumu kwa kuchagua za mbele. Angechagua za nyuma na sampo ipasuke, angalau mzee asingeumia. Akaliweka gari gia ya kurudi nyuma, lakini hakuachia klachi. Mguu ulimgomea.

Nyuma ya kitenge mzee alikohoa.

"Leubeni. Muulize dereva, huko mbele nako kunaruka hivi?"

Reuben alimgeukia mkewe. "Baba anauliza—"

"Mwambie hapana. Mwambie mbele ni kochi."

"Anasema ni kochi, baba."

"Wewe umekaa kwenye kochi, mimi nimekaa kwenye kinu," alisema mzee. "Sawa. Mwana kumzidi baba ni jambo jema."

Wote watatu walikuwa wameshaliona jibu, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine alitamke. Reuben, aliyefundisha hesabu ngumu kwa vijana wa kidato cha nne, hakuthubutu kusema kwamba viti viwili vinaweza kubadilishana watu. Alianza kufuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Mzee ndiye aliyeanza.

"Mwambie dereva, mimi ningeweza kukaa huko. Ila naogopa atachukia."

Pudensiana akageuka ghafla mpaka pua yake ikakaribia kitenge. "Mwambie baba, mimi sichukii! Mimi ndiye ninayeogopa yeye atachukia!"

"Anasema yeye hachu—"

"Mimi nichukie nini?" mzee alidakia. "Mwambie mimi tangu siku ya kwanza nilitaka kumsalimia. Huyu mtoto kafunga safari kutoka Sumbawanga mpaka kwangu, hana baba hapa, hana mama. Nikasema nimpe mkono, nimwambie karibu. Nikamwona anajificha nyuma ya migomba! Nikasema, ee, huyu anaipenda adabu ya wazee kuliko mabinti zetu. Nikimsemesha nitamvunjia heshima. Basi na mimi nikaanza kujificha. Miaka yote hii najificha kwenye shamba langu mwenyewe!"

"Mwambie baba niliambiwa!" alisema Pudensiana, analia na kucheka pamoja. "Nilifundishwa jikoni na shangazi, nikaambiwa nikimtazama mkwe nimemtukana!"

"Sekela?" Mzee alipiga kiganja kwenye paja, akajiumiza, akaendelea. "Sekela alikuwa anampikia mkwewe ugali, wanakaa jiko moja, wanapiga soga mpaka chakula kinaungua! Kijiji kizima kilimjua!"

Reuben alikuwa bado anamgeukia mmoja na kumgeukia mwingine, mdomo wazi, akitafuta aanze kufikisha ujumbe upi. Pudensiana akamtazama, akaona uso wake, akashindwa kabisa. Aliegemea usukani akacheka mpaka honi ikalia bondeni. Nyuma ya kitenge mzee naye akaanza, kicheko kizito cha kukwamakwama, kikikatwa na "aa, nyonga, aa," kisha kikaendelea.

Kisha mkono mkubwa, wenye madoa meusi ya utomvu wa migomba, ulishika ukingo wa kitenge na kukivuta pembeni.

Pudensiana aliuona uso wa mkwewe. Alishangaa jinsi ulivyofanana na wa Gift, paji lilelile, na uwazi uleule katikati ya meno. Miaka yote alikuwa akijiuliza mtoto kaupata wapi ule mwanya.

"Ugonile," alisema mzee kwa upole, salamu ya watu wa nyumbani.

Pudensiana aliitikia, safari hii akimtazama.

*

Kumhamisha mzee kulichukua muda, maana Reuben alitaka kusaidia na kila aliposaidia alizuia mlango. Hatimaye mzee alikaa kiti cha mbele, akanyoosha mguu, akavuta mkanda kama alivyoona wengine wakivuta. Reuben aliingia nyuma kwenye godoro, bila kuulizwa anaonaje.

Waliondoka. Jiwe la kwanza mzee alishika mlango kwa mikono yote miwili. La pili akaachia mmoja. Lakini Pudensiana, aliyezoea kuwatazama wagonjwa, aliona midomo yake inabana kila gari lilipotua. Alisimama tena, akafungua boneti, akashuka. Kinobu kilikuwa pale juu ya shokapu, upande wa abiria na upande wa dereva, kama Jairo alivyomwonyesha. Alikishika kwa vidole viwili. Halafu aliinua kichwa kando ya boneti, akamtazama mkwewe kupitia kioo cha mbele.

"Baba," aliuliza, "nikilegeze au nikikaze?"

"Legeza, mwanangu."

Alizungusha. Kikalia ta, ta.

"Hapo?"

"Mimi nitajuaje? Twende kwanza."

Walikwenda kipande kifupi, wakasimama. Mzee alisema gari sasa linayumba sana, linamtia usingizi. Pudensiana akakaza kidogo. Wakaenda, wakasimama tena. Mzee akasema ongeza tena kidogo, hapana, umezidisha, rudisha. Akamwuliza hicho kidude kinafanyaje kazi. Pudensiana akamweleza mafuta yaliyomo ndani na tundu lake linalobanwa. Mzee akasema ni kama kuzuia maji ya mfereji kwa jani la mgomba: ukibana sana yanafurika, ukiachia yanakimbia. Pudensiana akasema ni hivyohivyo hasa, Jairo hakulieleza vizuri namna hiyo. Wakaongea juu ya mfereji, juu ya mahindi ya Sumbawanga, juu ya baba yake Pudensiana ambaye mzee hakuwahi kumwuliza habari zake na sasa aliziuliza zote. Walisimama mara nyingi kuliko shokapu ilivyohitaji, na hakuna aliyelalamika ila Reuben.

"Jamani, na huku nyuma je?" alisema wakiingia lami.

"Huko nyuma mtafunga siku Mungu akijalia," mkewe alimjibu, na mzee akacheka kwa sauti.

Walipofika nyumbani Gift alikuwa amesimama getini. Aliona babu yake mbele, karibu na mama yake, wanabishana kuhusu kukaanga ndizi. Alitaka kuuliza, akaona asiharibu, akakimbia kufungua mlango.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji aliwaita watoto mmoja mmoja kwa jina, na kila mtoto akaja mbele na watu wake. Jina la Gift lilipotajwa aligeuka kutazama benchi la familia. Alimwona babu yake yupo, akainuka bila kungoja zaidi, akatembea mbele kichwa kikiwa juu.

Mzee Andongwisye alisimama kwa shida. Reuben alikuwa ameshatangulia na simu mkononi, akitafuta pembe nzuri ya picha, akirudi kinyumenyume na kumkanyaga mzee wa kanisa. Kati ya benchi na madhabahu palikuwa na sakafu tupu, laini, ya kuteleza. Mzee aliitazama sakafu hiyo. Nyuma yao wanawake wa Ikuti walikuwa wamekuja na basi la asubuhi, na shangazi Sekela akiwa katikati yao na kitenge kipya.

Mzee akanyoosha mkono upande wake wa kushoto, bila kutazama, kama mtu anayejua kilichopo.

"Pudensiana," alisema, mbele ya watu wote. "Nishike."

Pudensiana aliupitisha mkono wake chini ya kwapa la mzee na kumshika. Benchi la Ikuti likanong'ona. Wakaanza kutembea. Kila hatua mzee alimwachia uzito kidogo zaidi, mpaka akamwachia wote, koti, mabuti, nyonga na miaka. Alikuwa mzito kweli. Jasho lilimtoka Pudensiana mgongoni, na machozi yalimtoka wazi na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alitembea polepole kadiri alivyoweza, na alitamani madhabahu ingekuwa mbali zaidi.